KURUDISHA KWA JAMII: NI HISANI AU NI DENI?

Liko neno moja ambalo limezoeleka mno katika vinywa vya wasemaji wa makampuni, na sasa limezoeleka vilevile katika vinywa vyetu sisi viongozi na makada. Neno hilo ni "kurudisha kwa jamii". Kampuni ikitoa madawati, inarudisha kwa jamii. Ikitoa mashuka ya hospitali, inarudisha kwa jamii. Na ugonjwa wa UVIKO-19 ulipoingia nchini mwezi Machi 2020, neno hilo lilisikika karibu kila siku, kwa sababu karibu kila siku palikuwa na makabidhiano ya ndoo, sabuni, barakoa na vitakasa mikono.

Makala hii inakusudia kulichunguza neno hilo. Hatufanyi hivyo ili kuwabeza waliotoa, wala kuwalaumu wananchi waliopokea. Tunafanya hivyo kwa sababu neno la siasa likiachwa litumike bila kuchunguzwa, huanza kututumia sisi. Swali letu ni moja: kinachorudishwa ni cha nani?

SIKU YA MAKABIDHIANO

Wilaya ya Same ina sura mbili. Juu, katika milima ya Upare, kuna ukungu, migomba, maharage, na tangawizi ya Mamba na Miamba. Chini, upande wa magharibi, kando ya barabara kuu na reli iendayo Moshi, kuna tambarare kavu, kwa sababu milima hiyohiyo huikinga mvua itokayo baharini. Mtu wa tambarare akizungumzia maendeleo huanza na maji, na mara nyingi humaliza na maji hayohayo.

Mwezi Aprili 2020 tulikuwapo kwenye makabidhiano katika zahanati moja ya tambarare. Kampuni iliyotoa hatutaitaja, kwani shabaha yetu si kampuni moja bali ni desturi nzima. Zililetwa ndoo 12 zenye mabomba, katoni za sabuni, na bango kubwa lenye nembo ya kampuni. Bango ndilo lililotangulia kushushwa garini. Hotuba zilikuwa nne. Baada ya hotuba ya tatu, mama mmoja aliyekuwa amempakata mtoto aliuliza kwa sauti ya kawaida tu: "Na maji tutayapata wapi?" Watu wakacheka kidogo, maana wote walijua kwamba siku hizo dumu la maji lilikuwa likinunuliwa. Aliyejibu hakuwa meneja wa kampuni. Aliyejibu ni kiongozi wetu mmoja, mtu mwema na mchapakazi, akasema: "Mama, leo ni siku ya shukrani, si siku ya maswali."

Sentensi hiyo ndiyo iliyotufanya tuandike makala hii. Ndoo ya lita 20, kila mtu akitumia nusu lita kunawa, huwatosha watu 40. Baada ya hapo hubaki chombo kitupu chenye nembo. Kwa hiyo swali la mama yule ndilo lililokuwa swali la afya kuliko hotuba zote nne. Hata hivyo lilinyamazishwa, tena lilinyamazishwa na sisi wenyewe, kwa niaba ya mgeni ambaye hakutuomba tumnyamazishie mtu. Kada anayesoma makala hii na ajiulize kama hajawahi kusema maneno ya namna hiyo.

NENO LINALOKIRI

Tuanze na lugha. Katika Kiswahili mtu harudishi kitu ambacho hakukichukua. Mtu hurudisha jembe aliloazima, hurudisha mkopo, hurudisha mali aliyoiokota njiani. Hakuna mwenye akili timamu atakayemwambia jirani yake "nimekurudishia mbuzi wako" kama mbuzi yule hakutoka katika zizi la jirani. Kwa hiyo kampuni inaposema kwamba inarudisha kwa jamii, inasema kweli kuliko inavyokusudia. Inakiri kwamba faida yake imetoka kwa jamii: imetoka katika jasho la wafanyakazi, katika fedha za wateja, katika barabara zilizojengwa na umma, katika shule zilizowafundisha makarani na mafundi wake. Jasi inayochimbwa Makanya ilikuwa imelala katika ardhi yetu kabla ya kampuni yoyote kuandikishwa.

Lakini baada ya kukiri deni, desturi hii hufanya jambo la ajabu. Mdaiwa hupanda jukwaani, na mdai huketi juani akisubiri kupiga makofi. Kiasi cha malipo hupangwa na mdaiwa. Siku ya kulipa hupangwa na mdaiwa. Aina ya malipo, iwe ndoo au barakoa, hupangwa na mdaiwa. Kisha mdai hutakiwa ashukuru. Hapo ndipo deni linapogeuzwa kuwa hisani. Kiini cha uhakiki wetu ni ugeuzaji huo, wala si ndoo zenyewe.

NANI ALIYELIPA?

Tusiishie kwenye maneno, tutazame hesabu. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 iliruhusu kampuni kuondoa katika mapato yake yanayotozwa kodi michango ya hisani na ya maendeleo ya jamii, kwa kikomo cha asilimia 2 ya mapato ya biashara. Sheria ya Fedha ya mwaka 2020 iliongeza nafuu kwa michango iliyotolewa kwa Serikali kwa ajili ya kupambana na UVIKO-19. Kodi ya makampuni wakati huo ilikuwa asilimia 30. Maana yake ni nini? Kampuni yenye faida ikitoa mchango wa shilingi milioni 100 unaokubalika kwa sheria hizo, kodi yake hupungua kwa shilingi milioni 30. Milioni 70 zimetoka kwa wenye hisa, na milioni 30 zimetoka Hazina, yaani kwa umma.

Hatusemi kwamba sheria hizo ni mbaya. Serikali inaweza kuwa na sababu nzuri ya kuwavuta wenye mali wachangie wakati wa hatari. Tunachosema ni kwamba karibu theluthi moja ya zawadi ile ilikuwa mali ya mama yule aliyeuliza habari za maji. Alikuwa mmoja wa watoaji, naye hakuandikwa kwenye bango. Zaidi ya hayo, shilingi milioni 30 kama zingeingia Hazina kwa njia ya kodi, Bunge lingezipangia kazi, na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu angeweza kuuliza zimekwenda wapi. Zilipopitia mkononi mwa kampuni, aliyezipangia kazi ni idara ya matangazo.

Tulinganishe na jambo jingine la mwaka huohuo. Tarehe 24 Januari 2020 Serikali yetu na kampuni ya Barrick zilitia saini makubaliano yaliyomaliza mgogoro wa madini, na umma ukapata asilimia 16 ya hisa katika migodi kupitia kampuni ya Twiga, pamoja na malipo ya dola milioni 300. Mwezi Mei 2020, ugonjwa ukiwa umeshika kasi duniani kote, malipo ya kwanza ya dola milioni 100 yalifika. Mtu anaweza kubishana kama makubaliano yale yalitosha au hayakutosha. Lakini fedha zile hazikuitwa msaada. Zilitokana na sheria za mwaka 2017 na majadiliano magumu. Hiyo ndiyo tofauti ya kudai na kupewa.

FUNDISHO LA PARE-TAVETA

Makada wengi vijana hawajui kwamba Same iliwahi kuwa uwanja wa mpango mkubwa wa afya uliotoka mikononi mwa wengine. Kuanzia mwaka 1954 hadi 1959, serikali za kikoloni za Afrika Mashariki ziliendesha mpango wa Pare-Taveta, upande huu wa Tanganyika na upande wa pili wa mpaka, Kenya. Shabaha ilikuwa kujaribu kama malaria inaweza kukomeshwa kwa kunyunyiza dawa ya dieldrin ndani ya nyumba za watu. Dawa hiyo ilikuwa bidhaa ya kampuni ya Shell. Mpango huo haukuwa hisani ya kampuni. Ulikuwa utafiti wa serikali. Tunauleta hapa kwa sababu ni mfano ulio karibu nasi wa msaada ambao mwanzo wake na mwisho wake hupangwa na mtoaji peke yake.

Hatusemi kwamba mpango ule haukufaa kitu. Vimelea vya malaria katika damu za watoto vilipungua sana, na aina moja ya mbu wakubwa wa malaria karibu itoweke katika eneo lile. Lakini maambukizi hayakukatika kabisa. Mwaka 1959 unyunyizaji ukasimamishwa. Hapo likajitokeza swali zito: mwili wa mtu aliyezoea kuumwa malaria hujenga kinga ya namna fulani, na miaka ya kupumzika na ugonjwa huipunguza kinga hiyo. Ugonjwa ukirudi utamkutaje mtu huyo? Wataalamu walilijua swali hilo na wakalijadili baina yao. Watu wa Same hawakuwamo katika kikao hicho. Katika miaka iliyofuata malaria ilirudi polepole, na wataalamu wakaendelea kuja kupima jinsi inavyorudi. Taarifa moja ilichapishwa mwaka 1967, nyingine mwaka 1972.

Fundisho ni kwamba msaada wa afya haumwachi mtu pale ulipomkuta. Humbadilisha. Ukikoma, hamrudii katika hali ya zamani. Mnaingia katika hali ya tatu, ambayo hamkuichagua. Kwa hiyo katika mambo ya afya swali la "lini mtaacha, na nani ataendeleza" si utovu wa adabu. Ni swali la uhai. Zahanati iliyozoea vitakasa mikono vya kampuni kwa miezi sita, kisha gari lisije tena, haina fungu katika bajeti yake la kuvinunua, maana halmashauri ilikwisha kuamini kwamba jambo hilo lina mwenyewe.

ZAMU YA NDIVA

Je, Wapare wana fikra nyingine kuhusu kutoa na kupokea? Wanayo, na ni ya zamani kuliko makampuni.

Katika milima ya Upare yako mabwawa madogo yaitwayo ndiva. Maji ya kijito hukusanywa ndani ya ndiva, kisha hufunguliwa yamwagilie mashamba yaliyo chini. Kila shamba lina zamu yake, na ndiva ikijaa matope wote hutoka kuizibua. Mtu wa juu anapoyaacha maji yapite kwenda kwa mtu wa chini, haitwi mfadhili. Hapigiwi makofi. Ni zamu. Akiyazuia, hapo ndipo ataitwa kujieleza. Kadhalika katika msaragambo, yaani kazi ya pamoja iliyojenga barabara, shule na zahanati nyingi za Upare, anayetoa mawe na anayetoa nguvu wote ni wachangiaji, na wote wana sauti katika kile kinachojengwa.

Na watu hawahawa ndio waliofika Same kwa maelfu mwezi Januari 1945, kwenye makao makuu ya wilaya, kuipinga kodi iliyoitwa mbiru. Mwanahistoria wetu Isaria Kimambo ameyaeleza mambo hayo kwa kirefu. Kodi ile ilipangwa kulingana na mali ya kila mtu, lakini makadirio yalifanywa na wakubwa bila ya kipimo kilichoeleweka na kukubaliwa. Watu wale hawakupinga kila namna ya kuchangia serikali. Walipinga kukadiriwa na mtu mwingine kwa siri ya moyo wake. Walishikilia msimamo huo mpaka mkoloni akaiondoa kodi hiyo.

Sasa tuyaunganishe. Kama ni dhuluma mkubwa kumkadiria mnyonge kodi kwa kipimo asichokijua mnyonge, itakuwaje haki mwenye mali kujikadiria mwenyewe deni lake kwa jamii, kwa kipimo asichokijua yeyote? Hisani ya makampuni ni mbiru iliyogeuzwa kichwa chini: safari hii anayejipimia ni tajiri, naye hujipimia kidogo.

HOJA YA MGONJWA

Baadhi ya wanafunzi wetu hutupinga kwa hoja yenye nguvu. Husema: mgonjwa anayetafuta pumzi haulizi mtungi wa oksijeni umetoka kwa nani. Wakati wa janga chukua kinachokuja, siasa itafuata baadaye. Tena huongeza kwamba hata mwaka 2020 misaada mingine ilikuja haraka kuliko serikali yoyote: mwezi Machi mfuko wa tajiri wa Kichina, Jack Ma, ulituma kwa kila nchi ya Afrika vipimo 20,000, barakoa 100,000 na mavazi ya kinga 1,000, wakati ambapo nchi kubwa zilikuwa zikigombania barakoa viwanjani mwa ndege.

Hoja hii hatuna budi kuiheshimu. Sisi pia tungeupokea mtungi ule. Lakini itazameni hesabu ile tena: kila nchi barakoa 100,000, sawa kwa sawa. Nchi yenye watu milioni 1 na nchi yenye watu zaidi ya milioni 50 zilipata fungu moja. Mtoaji aligawa kwa idadi ya bendera, wala hakugawa kwa idadi ya watu. Hiyo si dhambi yake. Ndiyo tabia ya hisani: hugawa kwa namna inayomwelekea mtoaji, kwa sababu hakuna kikao cha wapokeaji kilichomweleza vinginevyo. Mgonjwa mmoja haulizi mtungi umetoka wapi, ni kweli. Lakini kada si mgonjwa mmoja. Kazi yake ni kuuliza kwa niaba ya mgonjwa wa leo na wa kesho.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilituonya kwamba kutegemea misaada na mikopo kunahatarisha uhuru wetu. Tumezoea kulisoma onyo hilo kana kwamba linahusu mataifa ya nje tu. Lakini kijiji nacho kina uhuru wake, na kijiji kinachongoja gari la kampuni kimekwisha kupoteza sehemu ya uhuru huo hata kama kampuni ni ya wazalendo. Mtegemea cha nduguye hufa maskini.

MSAADA NDANI YA MPANGO WETU

Je, basi tukatae kila msaada? Hapana. Historia yetu wenyewe inatoa jibu bora. Mwaka 1973 ilifanyika kampeni ya Mtu ni Afya. Redio ilifundisha, vitabu vikachapishwa, viongozi wa vikundi wapatao 75,000 wakafunzwa, na watu wapatao milioni 2 wakakaa katika vikundi kujadili malaria, kichocho, safura na kuhara, kisha wakaondoka kwenda kufyeka nyasi, kufukia madimbwi na kuchimba vyoo. Fedha za nje zilikuwamo, hasa za Sweden. Lakini msaada ule uliingia ndani ya mpango wetu. Hakuna kikundi kilichokusanyika kumpigia makofi mfadhili. Vilikusanyika kuulizana choo kitachimbwa wapi.

Kipimo chetu ndicho hicho: msaada umeingia katika mpango wa watu, au watu wameingia katika mpango wa msaada? Tunayo hata sheria inayoelekea huko. Sheria ya Madini, baada ya marekebisho ya mwaka 2017, inamtaka mwenye leseni ya madini aandae kila mwaka mpango wa wajibu wake kwa jamii, na mpango huo ukubaliwe pamoja na halmashauri inayohusika. Utekelezaji wake unaweza kuwa na kasoro, lakini fikra yake ni sahihi, maana inalitoa jambo hili jukwaani na kuliweka mezani.

KAZI YA KADA

Kwanza, makada waache kutumia neno "mfadhili" kwa kampuni inayofanya biashara katika eneo lao. Waseme "mchangiaji". Mchangiaji ana haki ya kushukuriwa kama wachangiaji wengine, lakini hana haki ya kutoulizwa.

Pili, kabla ya kupokea msaada wowote wa afya, serikali ya kijiji na kamati ya zahanati zipate majibu ya maswali manne: Nani alichagua kitu hiki? Kitadumu muda gani? Nani atakiendeleza baadaye, na kwa fungu gani? Na je, mtoaji amelipa kodi, ushuru na mishahara anayodaiwa? Maswali hayo yaulizwe kwa adabu, kwa maandishi, na majibu yasomwe katika mkutano mkuu wa kijiji.

Tatu, na hili ni gumu zaidi, tujikosoe. Mwaka 2020 mama yule alipouliza habari za maji, mradi mkubwa wa kuleta maji Same, Mwanga na Korogwe kutoka bwawa la Nyumba ya Mungu ulikuwa umekwisha kuanza tangu mwaka 2014, nao ulikuwa bado haujakamilika. Ulikwama, mikataba ya wakandarasi ikavunjwa, na maji yakasubiriwa miaka mingine. Mradi huo ulizinduliwa mwezi Machi 2025. Maji yale hayakuletwa na makabidhiano. Yameletwa na fedha za umma na mikopo ambayo umma utailipa. Na kuchelewa kwake hakukuwa kosa la kampuni iliyoleta ndoo. Lilikuwa deni letu sisi kwa wananchi. Ni dhahiri basi kwa nini kiongozi wetu hakulipenda swali lile. Hisani ya kampuni ilikuwa imemsitiri. Hiyo ndiyo hatari yake kubwa kupita zote: humwezesha tajiri kutolipa anachodaiwa, na humwezesha kiongozi kutojibu anachoulizwa, nao wote wawili hupigwa picha pamoja wakiwa wameshika ndoo.

Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulimkataza kiongozi kuwa na majivuno mbele ya watu, na ulidai watu washiriki katika kupanga mambo yao. Kushiriki huanza na kuuliza. Janga jingine litakuja, maana magonjwa hayajaisha duniani, na magari yenye mabango yatakuja tena. Yakija, tuyapokee, tushushe mizigo, tuhesabu, tutie saini. Kisha, kabla ya hotuba ya kwanza, tumpe nafasi mama aliyempakata mtoto aulize swali lake, na asiondoke mtu hapo mpaka lijibiwe.